Mizunguko Saba Mnara wa Saa

Ngoja niseme mwenyewe kabla hamjaniuliza: yule mwanamke mnayemwona kwenye ile video, mwenye suti ya kijivu na utepe wa pinki begani, anayecheza nyuma ya matarumbeta kama mtu aliyekanyaga siafu, ni mimi. Siyo dada yangu, siyo "mtu aliyefanana naye tu" kama mume wangu alivyojaribu kuwadanganya wanakwaya wenzake (Mungu ambariki kwa kujaribu). Ni mimi Elirehema, mama wa watoto watatu, mtumishi wa umma, na aibu niliipata, sikatai, mpaka leo nikipita Mnara wa Saa naangalia upande wa pili. Ila nitawasimulia yote, na nikimaliza, atakayesema ningenyamaza tutagombana hapa hapa kabla chai haijapoa.

Mnajua kazi yangu, naandika kanuni za usafiri wa mjini, kazi ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku apigwe faini. Sasa kampuni moja ilipoleta zile teksi tatu zisizo na dereva kwa majaribio, kutoka Olasiti mpaka katikati ya mji na kurudi, faili likaangukia mezani kwangu, nikawaambia wakubwa ukweli ambao watu wa ofisini hawapendi kuusikia: hatujui. Na siyo kule kutojua kwa kawaida, kwamba hujui mvua itaanza wiki gani lakini unajua itakuja. Hapa hatukujua hata cha kuuliza. Watu watayapanda au watayakimbia? Madereva wa teksi watakosa kazi, au watapata kazi nyingine humo humo? Bodaboda watayapisha au watayachezea? Atakayekwambia anajua anakudanganya, tena kwa suti na tai.

Bosi wangu, Bwana Temba, alitaka sheria moja nene ya kudumu, ipigwe mhuri, tuendelee na mambo mengine. Nikamwambia bosi, hii ni kama sare ya shule, unaishona na pindo kubwa kwa sababu mtoto anakua na hujui atafika wapi, mwakani unaachia pindo, humlazimishi mtoto abaki mfupi ili sketi imtoshe. Alinuna, lakini akakubali. Basi nikaandika kanuni chache za kuanzia, na pembeni yake nikaweka nilichokiita vigingi, yaani mambo ambayo yakitokea tu, jaribio linasimama, hakingojwi kikao, halafu tunakaa chini wote tunaandika upya. Kigingi cha tatu kikumbukeni, ndicho kilichokuja kuniumbua. Kilisema: gari likimpeleka abiria mahali ambapo hakuomba kwenda, hata mara moja, jaribio litasimama siku hiyo hiyo, na atakayelitangaza ni mwandishi wa kanuni hizi, mbele ya watu waliopo. Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza kwa hiari yangu, saa nne ya chai, andazi mkononi, nikijiona shujaa.

Nilikuwa pia na daftari la mambo yanayoweza kulichanganya gari. Punda wenye madumu ya maji. Ng'ombe. Mahindi yaliyoanikwa barabarani. Mlevi anayeongoza magari kwa filimbi ya mdomo. Mtalii anayerudi kinyumenyume ili mlima Meru uenee kwenye picha. Kurasa kumi na moja, jamani! Na humo ndani hamna neno harusi, mimi ambaye mwaka huo nilikuwa kwenye kamati tatu za harusi, na katika moja nilikuwa katibu.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa kanuni ya nne. Mwanzoni niliandika kwamba gari likipoteza uhakika, lisimame pembeni lingoje. Wiki ya kwanza tu, nikiwa ndani peke yangu kule Olasiti, likamwona mama mmoja amebeba mkungu wa ndizi kichwani na kuku wawili mkononi, likashindwa kuelewa ni kitu gani, likasimama. Likangoja. Nyuma honi, honi, honi. Kijana wa bodaboda akaja dirishani, akatazama kiti cha dereva, hamna mtu, akatazama kiti cha nyuma, mimi hapo na mkoba wangu mapajani, akasema kwa sauti ya soko zima, "Aisee mama, kama hujui kuendesha si upande punda!" Walicheka mpaka yule mwenye kuku akacheka, na wale kuku sijui. Dakika kumi nzima nimekaa pale kama sanamu.

Nilirudi nyumbani nimevimba, nikafungua kompyuta, nikafuta "lisimame." Nikakumbuka maneno ya marehemu baba yangu, aliyekuwa na pikapu ya kushusha ndizi na kahawa kutoka kwetu mlimani, na njia za Momela asubuhi za Julai mnazijua, ukungu unashuka huoni hata boneti ya gari lako. Alikuwa akisema, "Ukungu ukikushika, fuata taa za aliye mbele, yeye ameshapaona." Nikaandika kanuni ya nne mpya: gari likipoteza uhakika, lifuate gari lililo mbele yake kwa mwendo wake, mpaka uhakika urudi. Niliipenda mpaka nikaisoma kwa sauti jikoni. Wakubwa wakaipitisha bila swali, maana ilikuwa fupi. Na hapo ndipo nilipokimbia aibu ya dakika kumi nikajipeleka kwa aibu yenyewe.

(Kitu kingine, kabla sijasahau. Sauti ya lile gari ni yangu. Ile waliyokuja nayo ilikuwa inasema "Arusha" kama inapiga chafya, mtaalamu wao mmoja, binti anaitwa Neema, fundi mzuri sana na mwenye adabu, akaniomba nirekodi sentensi ishirini. Nikarekodi kwa sauti yangu ya kanisani, tamu, ya kutuliza watu. Nilikuja kuijutia baadaye.)

Basi ikafika siku ya kuwapandisha wakubwa, kwa sababu Jumatatu yake kikao kilikuwa kikae kuamua kama magari yaruhusiwe mji mzima. Bwana Temba akasema twende Jumamosi alasiri, watu wa ofisi hawapo barabarani, mji umetulia. Nikasema sawa. Jumamosi! Julai! Saa tisa alasiri! Mtoto wa darasa la pili Arusha angekwambia Jumamosi ya Julai saa tisa barabarani kuna nini. Mimi nikasema sawa.

Tulikuwa wanne. Mbele, pembeni ya kiti kitupu cha dereva, alikaa Neema. Nyuma tulikaa mimi katikati, Bwana Temba kulia kwangu, na kushoto Mzee Loishiye, mwenyekiti wa madereva wa teksi wa kijiwe cha Mnara wa Saa, mtu wa Kwa Mrombo, mzee wa kanisa, na mpinzani mkubwa wa haya magari toka siku ya kwanza. Nilimwalika mimi. Bosi hakutaka, nikamwambia asiyelipenda gari ndiye atakayeona ubovu wake kwanza.

Mzee alifungua mlango, akainama, akatazama kile kiti kitupu, hakuingia. Akasema, "Nimepanda magari miaka arobaini, sijawahi kuingia kwenye gari la mtu bila salamu. Namsalimia nani?"

"Ingia tu mzee, litakukaribisha," nikamwambia.

Akaingia, na gari kwa sauti yangu likasema, "Karibu. Tafadhali funga mkanda."

"Hata shikamoo hakuna," Mzee akasema, akanigeukia. "Hii si sauti yako, mwanangu? Mama yako si alikufundisha?" Safari haijaanza, nimeshaumbuliwa.

Kutoka Olasiti lilikwenda vizuri, haki ya Mungu. Lilipisha waenda kwa miguu, lilisimama kwenye vivuko, lilimvumilia bodaboda mmoja aliyekata mbele yetu na godoro mgongoni, Bwana Temba akawa anapiga picha na kuzituma kwa wakubwa wenzake huku anasema "Mnaona? Mnaona?" Hata Mzee Loishiye alinyamaza, na mzee yule akinyamaza ujue ameanza kuhofia kwamba kitu ni kizuri. Niliona fahari, nikaegemea kiti.

Tulipokaribia Mnara wa Saa, kutoka upande wa kushoto likaja lile jambo ambalo halipo kwenye kurasa kumi na moja. Mbele pikapu, juu yake matarumbeta wanane wamekaa wametazama nyuma, wanapuliza mpaka mashavu yamejaa. Nyuma yake gari la maharusi, limevishwa maua. Nyuma yake magari sijui mangapi, yote yamewasha taa za hazadi, yote yanapiga honi, watu wametoka madirishani mpaka kiunoni wanapunga vitambaa, na mpiga video anatembea barabarani kinyumenyume. Gari letu likaingia katikati yao, gari la tatu na la nne yakawa yameachiana nafasi, sisi ndiyo tukaijaza.

Nilihisi linapunguza mwendo. Kwenye kioo cha mbele ikawaka taa ya njano. Na sauti yangu ya kanisani ikasema, "Tafadhali tulieni. Nafuata gari la mbele."

Neema akageuka taratibu, amebadilika rangi. "Dada," akasema, "limeingia kanuni ya nne."

Mnajua msafara wa harusi ukifika kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa unafanya nini. Hauendi popote. Unazunguka! Tukazunguka. Mzunguko wa kwanza Bwana Temba alicheka, akasema bahati nzuri hii, picha itapendeza. Mzunguko wa pili akaacha kucheka. Neema akabonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha, na gari, kwa sababu ni gari lenye adabu, likasema kwa sauti yangu, "Natafuta mahali salama pa kusimama," na mahali salama hapakuwepo, mbele harusi, nyuma harusi, pembeni bodaboda wamejiunga bila kualikwa, basi likasema tena, "Tafadhali tulieni. Nafuata gari la mbele." Sauti yangu mwenyewe! Tamu! Kama nafurahia!

Sasa pale ndipo kilipo kijiwe cha Mzee Loishiye. Madereva wake wamekaa juu ya boneti za teksi zao wanakula karanga, na ghafla wanamwona mwenyekiti wao, aliyewaapia kwamba hatakaa apande lile dubwana, anapita nyuma ya bibi harusi. Mzunguko wa tatu wakasimama wote. Mzunguko wa nne mmoja akapaza sauti, "Mwenyekiti! Mahari umepokea?" Mzee akashusha kioo, nikadhani atatukana, kumbe akawapungia mkono kama mgeni rasmi. Mzunguko wa tano, mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau, ambaye baadaye nilimjua kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, alituona hatuna mapambo, akakasirika (nami namwelewa, nimekuwa katibu), akatembea sambamba na gari letu, maana mwendo ulikuwa wa konokono, akafunga utepe wa pinki kwenye vioo vya pembeni, na uliobaki akaurusha ndani ukanitua begani. "Nyie wa gari la nne mna uzembe!" akasema, akaondoka.

"Sita," alisema Mzee Loishiye. Alikuwa anahesabu. "Wana wa Israeli walizunguka Yeriko mara saba, mwanangu. Ngoja tuone ukuta wa nani utaanguka."

Baada ya mzunguko wa saba msafara ukanyooka kuelekea Kwa Mrombo, na sisi nao. Bwana Temba alikuwa anaongea na simu, anasema "Kila kitu kiko chini ya uangalizi," na nyuma yake matarumbeta. Nilimwambia Neema apige simu kwa wenzake walizime gari kutoka huko ofisini kwao, akanijibu kwa upole kwamba kanuni zangu zinakataza gari kuzimwa likiwa kwenye mwendo na abiria ndani. Ndiyo. Kanuni ya sita. Nzuri sana.

Lilisimama lenyewe kwenye ukumbi, kwa sababu gari la mbele lilisimama. Nikadhani aibu imeisha, tushuke, tuchukue teksi yenye mtu. Thubutu. Milango ilipofunguka tu, matarumbeta yamejipanga, kamati yote imevaa sare, na yule mama wa kilemba anatupanga mstari: "Gari la nne, ingieni, mnacheza mnaingia, haraka!" Nikamwambia mama, sisi siyo, akasema "Siyo nini?" na kunisukuma. Mnajua ukumbini hakuingiwi kwa miguu ya kawaida. Basi tukaingia tunacheza. Bwana Temba ana nyonga mbovu, alicheza kama anatafuta funguo iliyodondoka. Mimi mmeniona. Mzee Loishiye, baba yangu wee, mzee alicheza! Mabega yanapanda na kushuka, anarukaruka ile ya kwao, ukumbi mzima ukasimama kumpigia vigelegele.

Yote hayo ningeyameza, mngecheka nami ningecheka. Kilichobadilisha mambo ni kwamba mtu alitazama nje akaona gari letu halina dereva. Taarifa ikamfikia mshereheshaji, akasimamisha muziki, akatangaza kwamba bwana harusi Joshua ameletewa msafara wenye gari linalojiendesha, la kwanza kwenye harusi hapa mjini, ukumbi ukalipuka, na yule Joshua, kijana wa watu, akawa anatabasamu tu asijue ni nani kamfanyia wema huo. Mshereheshaji akampa Bwana Temba kipaza sauti.

Na Bwana Temba akakipokea.

"Ofisi yetu," akasema, "iliona ni vyema kuwaheshimu maharusi hawa." Makofi. Nikamtazama. Akaendelea, maana makofi yanamlevya kuliko bia. Akasema usalama wa magari haya umeshathibitishwa. Makofi. Akasema, "Na kama zawadi, kesho alfajiri gari hili litawapeleka maharusi fungate yao Momela, bila dereva, wawili tu!"

Momela alfajiri, Julai. Ukungu ule ule wa baba. Barabara ambayo gari halijawahi kuikanyaga, na ndani ya hilo gari kanuni ya nne, yangu, inayosema usipoona fuata aliye mbele. Lingemfuata nani? Lori la mchanga linaloshuka korongoni? Nyati? Neema alikuja pembeni yangu akanishika mkono. Nilimfuata bosi, nikamvuta koti, nikamnong'oneza, "Bosi, kigingi cha tatu. Gari limetuleta ambako hatukuomba. Jaribio limesimama."

"Tulialikwa," akaninong'oneza huku anatabasamu kwa kamera. "Hujasikia? Tumealikwa. Hakuna kigingi hapa. Jumatatu tunasaini. Kaa chini, Eli."

Sikilizeni. Mimi si mtu wa kukaa chini nikiambiwa kaa chini, hilo hata mume wangu anajua, lakini siku ile nilikaribia kukaa. Watu mia ngapi sijui, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imeshaletwa na majani mdomoni, bibi harusi anang'aa, na mimi mgeni niliyeingia kwa kosa la gari nitasimama kuharibu shughuli ya watu. Nilijua nitachekwa. Nilijua nitapigwa video. Kisha nikafikiria wale wawili ndani ya ukungu, na sauti yangu inawaambia "Tafadhali tulieni."

Nikachukua kipaza sauti mkononi mwa bosi. Sikuomba, nilichukua.

"Naitwa Elirehema," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika kanuni za lile gari hapo nje. Hatukualikwa. Gari limetuleta hapa kwa sababu lilichanganyikiwa pale Mnara wa Saa, na mimi ndiye niliyeliambia likichanganyikiwa lifuate watu. Nilikosea. Kwa hiyo jaribio limesimama kuanzia sasa hivi. Kesho msilipande. Na hongereni sana kwa harusi, imependeza."

Ukumbi mzima ukanitazama, mtu mmoja tu akiendelea kutafuna. Halafu kutoka meza za nyuma sauti ya mzee mmoja, "Kwa hiyo hamkuja na zawadi?"

Jamani. Kicheko kile! Matarumbeta walicheka mpaka mmoja akapuliza bila kukusudia. Yule mama wa kilemba aliangua kilio cha hasira, ananionyesha kidole, "Ameharibu! Ameharibu ratiba!" Simu zote juu. Na mimi katikati, na utepe wangu begani, nalia na kucheka hata sijui kipi kilianza.

Bibi harusi, Glory jina lake, ndiye aliyenyanyuka kutoka meza kuu, na shela lake lote, akaja mpaka niliposimama. Hakuwa anacheka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, kwani huko Momela lingemfuata nani?"

Nikamjibu neno lile lile nililowaambia wakubwa siku ya kwanza. "Sijui."

Akanitazama, akanikumbatia, poda yake ikabaki kwenye suti yangu, akasema, "Basi kaa ule." Nikakaa nikala, ndiyo, nikala machalari, zile ndizi za nyama, sahani mbili. Mtu akishaaibika hivyo halali njaa.

Bwana Temba hakula. Nje aliniambia nimemwaibisha mbele ya mji mzima, nikamwambia bosi, aliyecheza vibaya kwenye video ni mimi. Jumatatu nikakuta barua mezani, nieleze kwa maandishi kwa nini nimetangaza jambo la ofisi kwenye harusi ya watu. Nikajibu kwa mstari mmoja: kigingi cha tatu, maneno ya mwisho. Walikikubali wenyewe kwa mihuri yao, wangesemaje? Mama yangu naye akapiga simu kutoka mlimani, video imemfikia kabla ya mkate wa asubuhi, nikamwambia mama, niliandika tu maneno ya baba, akasema, "Mwanangu, baba yako alimfuata mtu kwenye ukungu akaishia kwenye shamba la kahawa la mwalimu. Aliona aibu, ndiyo maana hakuwahi kuwaambia." Miaka yote hiyo!

Kikao kilikaa. Hoja ya kwanza ya Bwana Temba ilikuwa kung'oa kigingi cha tatu, eti ni kikali mno, kinawaumbua watumishi. Nilikuwa nimejiandaa kupigana peke yangu, nimeshavua na hereni, lakini Mzee Loishiye aliomba nafasi akasimama. "Mimi gari hilo bado silitaki," akasema, "na nitalipinga mpaka nife. Lakini nimeona kwa macho yangu kanuni iliyomng'ata aliyeiandika. Sijawahi kuona hiyo toka nizaliwe. Kigingi hicho asikiguse mtu."

Hakikuguswa. Kisha akatuambia kitu kingine. Maharusi walikwenda Momela kweli, ile Jumapili alfajiri, kwa teksi yake yeye, ile ya siku zote yenye mlango usiofunguka upande mmoja. Ukungu ukawashika njiani. Nikamuuliza, "Ukafanya nini, mzee? Ulimfuata nani?"

"Sikumfuata mtu," akasema. "Nikaweka gari pembeni, nikawasha taa, nikawaambia wanangu, sioni, tungoje. Wenye haraka walinipigia honi wakapita. Tukangoja saa nzima, bibi harusi akalala. Ukungu ukapanda, tukaenda."

Kumbe ndiyo ile ile kanuni niliyoifuta, mimi msomi, kwa sababu ya kijana mmoja wa bodaboda na punda wake! Tukairudisha siku hiyo hiyo, Mzee akaweka sahihi yake chini ya yangu, tena akasisitiza gari litoe shikamoo, tukabishana nusu saa litajuaje nani mkubwa nani mdogo, hatukufika popote, hilo tumeliachia pindo.

Magari yamerudi barabarani, mawili badala ya matatu, na siyo Jumamosi. Nimeapa sitafuta tena kanuni kwa sababu nimechekwa, anicheke anayetaka, nimeshacheza mbele ya mji mzima, hakuna kilichobaki cha kuniogopesha. Na nimerekodi sentensi mpya. Kwa hiyo siku mkilikuta limesimama pembeni ya barabara hapa mjini, taa zinawaka, halina mtu mbele, na mkasikia sauti yangu ya kanisani inasema, "Sina uhakika. Nimesimama," basi pigeni honi mpaka mchoke. Ni mimi niliyeliambia lisimame.